Feng Zicun: Kibarua aliyeipandisha filimbi ya mianzi jukwaani

Kista ni kitongoji kilichoko kaskazini magharibi mwa mji wa Stockholm, nchini Sweden. Wengi wanakifahamu kutokana na makampuni ya simu na kompyuta, kwani huko ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya Ericsson. Lakini Kista, pamoja na majirani zake Husby na Akalla, ni mahali pia ambapo watu waliotoka Afrika Mashariki, Asia na Mashariki ya Kati wanaishi mlango kwa mlango. Si ajabu basi Mswahili akavutiwa na ala ya jirani yake Mchina, ile filimbi ya mianzi iitwayo dizi. Kwa ajili ya wale wanaoanza kujifunza ala hiyo, leo tunawaletea maisha ya Feng Zicun, mmoja wa wapigaji wake mashuhuri kabisa.

Feng Zicun alizaliwa mwaka 1904 katika wilaya ya Yangyuan, mkoani Hebei, kaskazini mwa China. Familia yake ilikuwa maskini. Hakupelekwa kwenye chuo chochote cha muziki. Alijifunza filimbi na zeze la nyuzi nne liitwalo sihu kwa kuwasikiliza na kuwaangalia wapigaji wa kijijini, kama watoto wa kwetu wanavyojifunza ngoma. Alipokuwa kijana, shida ya maisha ilimpeleka Baotou, katika Mongolia ya Ndani, kutafuta kibarua. Huko alikutana na errentai, mchezo wa kuigiza na kuimba unaochezwa na watu wawili, ambamo filimbi ndiyo inayoongoza muziki. Mchana kazi za nguvu, jioni muziki. Aliporudi kwao alirudi na hazina ya nyimbo hizo, akaendelea kupiga vijijini kwa miaka mingi.

Ni vizuri kuelewa kwamba zama hizo mpiga filimbi wa kijijini hakuwa mtu wa kuheshimiwa sana. Alihitajika kwenye sherehe, akapewa chakula na ujira mdogo, kisha akasahauliwa. Filimbi yenyewe ilikuwa ala ya kuwasindikiza waimbaji tu. Nyimbo hazikuandikwa popote. Mzee akifariki, alikwenda nazo kaburini.

Mambo yalibadilika mwaka 1953. Mwaka huo serikali ya China ilifanya mjini Beijing tamasha la muziki na ngoma za kienyeji, na wasanii wa vijijini wakaitwa kutoka pande zote za nchi. Feng, ambaye alikuwa karibu na umri wa miaka 50, alipanda jukwaani na filimbi yake. Baada ya hapo alichukuliwa katika Kundi Kuu la Nyimbo na Ngoma, akahamia Beijing. Muziki uliokuwa ukipigwa katikati ya maonyesho ya errentai, kama vile "Xi Xiang Feng", unaoeleza huzuni ya kuagana na furaha ya kukutana tena, yeye aliupiga peke yake mbele ya hadhira kubwa. Hivyo dizi ikapata nafasi ya kusikilizwa kwa heshima yake yenyewe.

Mwaka 1964 Feng alianza kufundisha katika Chuo cha Muziki cha China kilichofunguliwa mwaka huo huo. Mtu aliyejifunza bila nota sasa alikuwa mwalimu wa chuo kikuu! Miaka miwili baadaye Mapinduzi ya Utamaduni yalianza, na masomo katika vyuo vya muziki yakavurugika. Lakini muziki wake ulikuwa umekwisha pata wanafunzi na umeandikwa. Alifariki dunia mwaka 1987, na hadi leo wanafunzi wa dizi wanajifunza nyimbo alizoziacha.

Je, anayeanza anapata nini katika maisha haya? Kwanza, ni vizuri aijue ala yenyewe. Dizi hushikwa kwa kulazwa upande wa kulia. Ina tundu la kupulizia, matundu sita ya vidole, na kati yake tundu moja linalofunikwa kwa utando mwembamba mno uliotolewa ndani ya bua la tete. Utando huo ndio unaoipa dizi sauti yake ya kuvuma na kung'aa. Ukikazwa mno, sauti hufa, ukilegea, hukoroma. Filimbi fupi ya kaskazini, aliyoipiga Feng, huitwa bangdi na ina sauti kali ya juu. Ile ndefu ya kusini huitwa qudi, nayo ina sauti ya upole.

Siku za mwanzo wengi hupuliza na kupata upepo mtupu, hata kizunguzungu. Hapo ndipo wengi huiweka filimbi kabatini. Njia inayofaa ni kuacha vidole vipumzike kwanza, kupuliza sauti moja ndefu kila siku, kisha kufunika tundu moja baada ya jingine. Mbinu alizosifika nazo Feng, yaani kupiga ulimi haraka, kuutetemesha, na kutelezesha vidole, huja baadaye. Kwa wakazi wa Kista kuna jambo la ziada: majira ya baridi, joto la ndani ya nyumba hukausha hewa na mwanzi unaweza kupasuka. Filimbi ifutwe ndani baada ya kupigwa, na iwekwe mbali na kipasha joto.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaifahamu hadithi ya namna hii. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aje Dar es Salaam na ilimba na zeze lake. Baadaye Zawose alifundisha Bagamoyo, katika chuo cha sanaa ambacho Sweden ilikisaidia, na sauti yake ikasikika duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Lakini kwa kila Feng na kila Zawose aliyeitwa mjini, wako wazee wengi ambao hawakuitwa na mtu. Baadhi yao bado wako hai huko nyumbani. Anayeanza dizi Kista akienda likizo, na akae pia na mzee wa kijijini kwao, amsikilize na kumrekodi, maana hazina hiyo haitangoji.