Jimmy Blanton: Aliingia chuoni na fidla, akatoka na besi

MPWA wangu ameniomba ada. Anataka kwenda chuo kikuu kusomea muziki, na chombo alichochagua ni besi. Mama yake amekasirika. Angependa kijana asomee uhasibu, au basi aje anisaidie dukani hapa mpakani, maana vitenge na mchele havidai cheti. Sikumlaumu dada yangu. Wengi wetu besi tunaijua kwenye rumba: ile sauti nene inayomwinua mtu kitini, lakini jina la mpigaji hakuna anayelikumbuka. Nani atalipia miaka ya chuo kwa kazi ya kusimama nyuma ya mwimbaji?

Kabla ya kumjibu nilirudia habari za kijana mmoja wa Marekani, Jimmy Blanton, ambaye santuri zake nimezisikiliza kwa miaka mingi.

Blanton alizaliwa Oktoba 5, 1918 mjini Chattanooga, jimbo la Tennessee. Mama yake alikuwa mpiga piano na kiongozi wa bendi, kwa hiyo nyumbani kwao muziki ulikuwa kazi kama kazi nyingine. Yeye alianza na fidla. Msomaji akumbuke jambo hili, kwa sababu fidla haina alama shingoni za kuonyesha kidole kiwekwe wapi. Ukikosea kidogo tu, sauti inapotoka na kila mtu anasikia. Besi ya zamani, ile ya mbao inayompita mtu urefu, nayo ni hivyo hivyo.

Katikati ya miaka ya 1930 alikwenda Nashville kusoma Tennessee State. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya watu weusi, kwani sheria ya jimbo iliwakataza kusoma pamoja na wazungu. Hapo ndipo alipoiweka kando fidla na kushika besi. Asidhani mtu kwamba alifundishwa jazz darasani. Wakati ule jazz haikuwa na shahada popote; ya kwanza ilikuja mwaka 1947, kule Texas. Shule yake hasa ilikuwa bendi ya wanafunzi, Tennessee State Collegians, aliyoipigia mwaka 1936 na 1937. Likizo zilipofika alipanda meli za starehe za mto Mississippi na kupiga katika bendi ya Fate Marable, mzee yule yule aliyekuwa amemwajiri Louis Armstrong katika ujana wake.

Mwaka 1938 aliacha chuo bila kumaliza, akahamia St. Louis kupiga na Jeter-Pillars Orchestra. Nami niliacha shule njiani, ingawa sababu yangu ilikuwa vita wala si bendi, kwa hiyo sina mdomo wa kumsema.

Mwishoni mwa 1939 bendi ya Duke Ellington ilipita St. Louis. Ellington alimsikia Blanton akamwajiri, hali bendi ilikuwa tayari na mpiga besi, Billy Taylor. Kwa muda wakawa na besi mbili jukwaani. Mwanzoni mwa 1940 Taylor aliondoka, akabaki kijana wa miaka 21.

Alifanya nini cha ajabu? Kabla yake besi ilikuwa chombo cha kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anayepokea magunia ghalani. Blanton alihesabu pia, tena kwa noti ndefu, nzito, zilizonyooka; lakini nafasi ilipopatikana aliimba na besi kama vile wengine walivyoimba na tarumbeta au saksafoni. Mara alizidonoa nyuzi kwa vidole, mara alichukua upinde, na hapo ndipo ile fidla ya utotoni ilipojionyesha. Novemba 1939 Ellington aliingia naye studio wawili tu, piano na besi, jambo ambalo viongozi wa bendi hawakuwa wakilifanya. Oktoba 1940 wakarudia. Katika Jack the Bear, ya mwaka huo huo, besi ndiyo inayotangulia mbele ya bendi nzima.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwaka 1941 bendi ikiwa Los Angeles, Blanton alibainika kuwa na kifua kikuu. Kabla mwaka haujaisha hakuweza tena kusimama na besi, na Junior Raglin akachukua nafasi yake. Blanton alibaki California akiuguzwa, bendi ikaendelea na safari. Alifariki Julai 30, 1942, akiwa na miaka 23.

Hapo ndipo ninaposikia uchungu. Sisi tuliopitia kambini tunaijua kadi ya dawa za kifua kikuu: miezi sita ya vidonge, kuhudhuria bila kukosa, na mtu anapona akarudi kwenye biashara yake. Blanton hakuwa na kidonge. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kuushinda ugonjwa huo, ilipatikana maabara Oktoba 1943, miezi kumi na mitano tu baada ya yeye kuzikwa.

Alikaa na Ellington kwa miaka miwili hivi. Charles Mingus, Oscar Pettiford na Ray Brown wote walijifunza kutokana na alichofanya katika muda huo. Desemba 1972 Ellington, akiwa na miaka 73, aliingia studio na Ray Brown, piano na besi tu kama zamani, wakarekodi santuri waliyoipa jina la Blanton.

Nimemnakilia mpwa wangu santuri hiyo. Nusu ya ada nimeshaitenga, na mama yake nimemwambia mauzo ya Krismasi yatatoa nusu nyingine. Sharti langu ni moja: asiache chuo kabla ya kunionyesha bendi iliyomwita.