Meja Robert Anderson, mlinzi wa ngome ya Sumter

Leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja wa Marekani.

Robert Anderson alizaliwa mwaka 1805 katika jimbo la Kentucky, fasi watu walikuwa na watumwa. Alimaliza chuo cha jeshi cha West Point mwaka 1825. Katika vita ya Mexico, mwaka 1847, aliumizwa vibaya. Bibi yake alikuwa binti wa jemadari wa Georgia, kule Kusini. Tena alifundisha kazi ya mizinga, na mwanafunzi wake mumoja aliitwa Beauregard. Mushike jina hilo.

Mwezi wa 11, 1860, alitumwa Charleston kulinda ngome za serikali. Siku ya 20 mwezi wa 12, jimbo la South Carolina likajitenga. Wakubwa wake wakadai ngome na nyumba ya duane. Washington ikakataa, kwani mali ile ilikuwa ya inchi nzima. Siku zile feza nyingi ya serikali ilitoka katika ushuru wa duane, na ngome ya Sumter inasimama mulangoni mwa bandari. Watu wa Kusini walinungunika juu ya ushuru, sababu uliongeza bei ya vitu vya ngambo. Lakini tusidanganyike: jimbo lenyewe liliandika sababu zake, na iliyo kubwa ilikuwa utumwa.

Usiku wa tarehe 26, Anderson akahamisha asikari wake kwa siri, kutoka ngome zaifu ya Moultrie mpaka Sumter. Lincoln alipoapa, tarehe 4 mwezi wa 3, 1861, akatangaza kwamba atashika mali ya serikali na kutoza ushuru. Kule ngomeni posho ilikuwa karibu kwisha. Tarehe 12 mwezi wa 4 mizinga ikalia. Nani aliamuru? Beauregard, yule mwanafunzi! Kisha saa 34 hivi, Anderson akatoa ngome. Vita ilidumu miaka 4, ikaua watu zaidi ya 600.000, na watumwa wakapata uhuru.

Tarehe 14 mwezi wa 4, 1865, Anderson alirudi kupandisha bendera ile ile. Usiku ule Lincoln akapigwa risasi. Anderson alikufa Nice, Ufaransa, mwaka 1871.

Yeye hakuwa adui wa utumwa, na watu wa Kusini walikuwa ndugu zake. Hata hivyo hakutoa upesi kitu alichoapa kulinda. Sisi wenye kupewa ufunguo wa darasa tu, tunafanya namna gani rafiki akituomba?