Pirogov, Tabibu wa Vitani
Nikolai Pirogov alizaliwa Moscow mwaka 1810, akaingia chuo kikuu hali ana miaka 14 tu. Zama zile, askari wa kukatwa mguu alishikwa na wanaume wa nguvu, akalia mpaka akazimia. Mwaka 1847 Warusi walikizingira kijiji cha Salta, huko Dagestan, wakipigana na Waislamu wa Imamu Shamil. Hapo Pirogov aliwapasua majeruhi wa Kirusi baada ya kuwavutisha etha, nusukaputi iliyokuwa ngeni kabisa, na wenzao wakaachwa watazame ili waamini. Dawa ya rehema, katika vita visivyokuwa na rehema!

Katika vita vya Krimea, huko Sevastopol, majeruhi waliletwa kwa mamia na kulazwa ovyo. Yeye akawagawa mafungu: wa kupasuliwa papo hapo, wa kungoja, na wale wasio na tamaa ya kupona. Mifupa iliyovunjika aliizungushia vitambaa vya jasi, fikira aliyoipata kwa mchonga sanamu, na miguu mingi ikanusurika msumeno.

Alifariki mwaka 1881. Sisi maiti wetu huharakishwa kaburini. Yeye alitiwa dawa, na mwili wake ungali umehifadhiwa huko Vinnytsia, Ukraine.