Al-Khwarizmi na Watoto wa Njia ya Thika

Gari litokalo Nairobi likishapita Ruiru, kabla ya kufika Thika, hupita Juja, penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Hapo ndipo vilipounganishwa baadhi ya vishikwambi ambavyo serikali ya Kenya ilianza kuwagawia watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala nayo ikaidhinisha mafunzo ya kuandika programu za kompyuta katika skuli za msingi na za sekondari. Huenda mzee wa pwani akiyasikia hayo akadhani ni elimu ngeni kabisa. Basi na tumkumbuke Muhammad bin Musa al-Khwarizmi.

Bingwa huyu alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake lanasibishwa na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala tangu 813 hata 833. Alitunga majedwali ya nyota na kitabu cha jiografia. Aliandika pia juu ya tarakimu za Kihindi, pamoja na ile alama ya mahali patupu ambayo Waarabu waliita sifr, nasi twaita sifuri.

Lakini kitabu chake mashuhuri ni kile cha al-jabr. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya mirathi na wasia. Mathalani, mwanamke amefariki, ameacha mume, mwana mmoja wa kiume na watatu wa kike. Kwanza hulipwa deni na kutekelezwa wasia. Kisha mume hupewa robo yake. Kinachobaki hugawanywa, na mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Ikiwa mali iliyobaki baada ya deni na wasia ni mafungu 20, mume atapata 5, mwana wa kiume 6, na kila binti 3. Anayegawa kabla ya kulipa deni amemdhulumu mdai, hata kama hesabu yake ni sahihi.

Al-Khwarizmi hakutumia herufi za hesabu kama tuzitumiazo leo; aliandika kila hatua kwa maneno, ili afuataye afike. Alifariki yapata mwaka 850. Katika karne ya 12 kazi yake juu ya tarakimu ilifasiriwa kwa Kilatini, na jina lake likageuka Algoritmi. Kutokana na jina hilo likapatikana neno algoriti, ndilo waitalo mafundi wa kompyuta zile hatua zilizopangwa za kutatua jambo.

Hilo ndilo somo la mtoto, akiwa Thika au Lamu. Chombo huharibika na kupitwa na wakati, bali mpango wa fikra hubaki. Kompyuta hufuata ilivyoamrishwa. Haina busara ya kumsahihisha aliyekosea hatua. Asiye na chombo na aanze kwa karatasi, aandike namna ya kutawadha hatua kwa hatua. Mtoto wa chuoni ajua kwamba uso hutangulia mikono, wala hapana kupindua. Akiyaandika hayo pasi na kuruka hata hatua moja, ameshaanza kuandika programu.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu huyo.