Kabaka Aliyefia Ukimbizini: Maisha ya Mutesa II

Ndugu wakimbizi wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuhudumia,

Kamati ya Jumuiya iliniomba niandike katika toleo hili la kumbukumbu maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wengine walidhani nitamchagua mtu wa kwetu. Nimemchagua Sir Edward Frederick Mutesa II, Kabaka wa Buganda na Rais wa kwanza wa Uganda. Nchi yake ndiyo iliyotupokea, na yeye mwenyewe alifariki akiwa mkimbizi.

Mutesa alizaliwa tarehe 19 Novemba 1924 huko Makindye, Kampala. Baba yake alikuwa Kabaka Daudi Chwa II. Babu yake alikuwa Kabaka Mwanga, ambaye Waingereza walimkamata mwaka 1899 na kumpeleka visiwa vya Shelisheli, akafia huko mwaka 1903. Baba yake alipofariki mwaka 1939, Mutesa alikuwa na miaka 15 tu. Alichaguliwa kurithi kiti, lakini wasimamizi waliongoza kwa niaba yake mpaka alipotawazwa mwaka 1942, siku alipotimiza miaka 18. Alisoma Budo, kisha Makerere, na baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1953 waziri mmoja wa serikali ya Uingereza alidokeza mpango wa kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Baganda waliogopa kumezwa na walowezi wa Kenya. Mutesa akadai Buganda itengwe na sehemu nyingine za Uganda. Gavana Andrew Cohen alimwita, na tarehe 30 Novemba 1953 akapandishwa ndege kupelekwa Uingereza. Watu wake waliomboleza kama waliofiwa, na wako wanaume walioacha ndevu zikue wakisema hawatanyoa mpaka Kabaka arudi. Alirudi tarehe 17 Oktoba 1955, na Kampala nzima ilijaa shangwe. Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu. Chama chake kilikuwa kimeungana na chama cha wafuasi wa Kabaka kiitwacho Kabaka Yekka. Mwaka uliofuata Mutesa akawa Rais. Hivyo alivaa kofia mbili kwa wakati mmoja: mfalme wa Baganda, na Rais wa Waganda wote.

Kofia hizo ziligongana kwa sababu ya vita vya zamani. Katika miaka ya 1890 Waingereza, wakisaidiwa na Baganda, walipigana na Mfalme Kabalega wa Bunyoro. Baada ya kumshinda walichukua sehemu ya ardhi yake wakaipa Buganda. Wanyoro hawakusahau. Novemba 1964 kura ilipigwa katika kaunti mbili, Buyaga na Bugangaizi, na wakazi wakachagua kurudi Bunyoro. Mutesa akiwa Rais alitakiwa kutia sahihi. Akiwa Kabaka hakuweza kutia sahihi ya kupunguza nchi ya mababu zake. Alikataa, na Obote akatia sahihi badala yake. Urafiki ukaisha.

Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri watano wakiwa kwenye kikao, akasimamisha katiba na kumwondoa Mutesa katika urais. Alimshitaki kuwa ameomba msaada wa majeshi ya kigeni. Mwezi Mei Bunge la Buganda, yaani Lukiiko, lilijibu kwa kuitaka serikali ya Uganda iondoke katika ardhi ya Buganda. Tusisahau kuwa Kampala yenyewe imo ndani ya Buganda. Kila upande ulikuwa umefunga mlango wa mazungumzo.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi likiongozwa na Kanali Idi Amin lilishambulia Lubiri, jumba la Kabaka lililopo Mengo. Walinzi wa Kabaka walipigana kwa saa nyingi. Watu wengi walikufa, na vitu vya thamani vya ufalme viliteketea au viliporwa. Mvua kubwa iliponyesha, Mutesa alipata nafasi ya kuruka ukuta. Alitoroka kwa kujificha, akavuka mpaka akaingia Kongo, akafika Burundi, na kutoka huko akaenda London. Ndugu zangu mliotoka Kongo na Burundi, fikirini jambo hilo. Njia mliyokuja nayo kutafuta usalama Uganda ndiyo njia aliyoipita Rais wa Uganda akitafuta usalama kwenu.

London hakuwa na jumba wala gari la kifalme. Aliishi katika nyumba ndogo ya kupanga eneo la Rotherhithe, akisaidiwa na marafiki. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme zote za Uganda. Tarehe 21 Novemba 1969, siku mbili baada ya kutimiza miaka 45, alifariki. Polisi wa Uingereza walisema alikufa kwa sumu ya pombe. Wafuasi wake wengi waliamini ameuawa, na mpaka leo wapo wanaoamini hivyo.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hilo tunalijua sisi ambao ni nyasi. Lakini katika habari hii hata tembo hawakupona. Amin, aliyeongoza mashambulizi ya Mengo, alimpindua Obote Januari 1971, na Obote akakimbilia Tanzania. Amin huyo huyo ndiye aliyerudisha mwili wa Mutesa mwaka huo, ukazikwa Kasubi karibu na babu yake Mwanga. Ndani ya Lubiri, hata hivyo, utawala wake uliwafungia watu katika vyumba vya mateso. Mwaka 1979 Amin naye alikimbia, akafia Saudi Arabia mwaka 2003. Obote alirudi madarakani, akapinduliwa tena mwaka 1985, akafia Afrika Kusini mwaka 2005. Watu watatu waliogombana mwaka 1966, na wote watatu walifia nje ya nchi yao.

Mwaka 1993 falme zilirudishwa, na mtoto wa Mutesa, Ronald Muwenda Mutebi II, aliyekulia Uingereza, alitawazwa tarehe 31 Julai. Katiba ya mwaka 1995 iliwakataza viongozi wa jadi kujiingiza katika siasa za vyama. Ukienda Kampala kwa shughuli za karatasi zako, pita Mengo uone ukuta wa Lubiri na ile barabara iliyonyooka mpaka Bulange.

Sasa niseme kwa nini habari hii inanihusu kama mwalimu. Katika darasa langu wamo watoto ambao wazazi wao walikimbiana. Siku moja mvulana alikataa kukaa dawati moja na mwenzake kwa sababu ya jina la baba wa yule mwenzake. Mvulana huyo alizaliwa hapa kambini. Vita hakuviona hata siku moja. Nilijiuliza amevipata wapi, na jibu ni kwamba amevipata kwetu, jioni tunapozungumza karibu na moto tukidhani watoto wamelala.

Ugomvi wa ardhi ya Bunyoro ulipita miaka 70 kabla ya kuvunja serikali ya Uganda, na walioanza vita vile walikuwa wameshakufa. Kwa hiyo nawaomba wazazi, tunapowasimulia watoto habari za kwetu, tuwasimulie yote. Tuwaambie tulivyotendwa, na tuwaambie pia makosa ya upande wetu. Mimi nimejaribu kufanya hivyo kwa Mutesa: alionewa, naye pia alikosea. Wale wavulana wawili sasa wanakaa dawati moja. Hawajawa marafiki, lakini wanaazimana kalamu.

Nawatakia nyote kumbukumbu njema.

Mwalimu wenu.