Jules Gonin, aliyetafuta tundu la retina

Mgonjwa huanza kwa kuona vimulimuli pembeni mwa jicho, kama radi ya mbali usiku. Kisha huja vidoa vyeusi vinavyoelea, vingi kwa mpigo, kama masizi. Baada ya siku chache kivuli hushuka mithili ya pazia. Jicho haliumi wala haliwi jekundu, na ndiyo maana wengi husubiri. Huenda retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka.

Mwanzoni mwa karne iliyopita jicho la namna hiyo lilihesabiwa limekufa. Mwaka 1912 daktari mmoja wa Marekani aliwauliza wenzake ni wagonjwa wangapi waliopona. Jibu lilikuwa takriban 1 kati ya 1,000. Tiba ilikuwa kulazwa chali wiki nyingi, macho yote mawili yamefungwa, au kutobolewa jicho ili maji yaliyo nyuma ya retina yatoke. Maji yalitoka, kisha yakarudi.

Jules Gonin alizaliwa mwaka 1870 mjini Lausanne, Uswisi, akasomea udaktari hapohapo na kufanya kazi katika hospitali ya macho ya mji huo chini ya Profesa Marc Dufour. Kwa miaka mingi alichunguza kwa hadubini macho yaliyokuwa yameharibika, na mwaka 1904 alikuwa tayari ameandika alichokiona. Ule ute mzito unaojaza jicho hunywea, huvuta retina, na retina huchanika. Maji hupenya kwenye mpasuko huo na kuibandua, kama rangi ya ukuta iliyoingiwa na unyevu.

Wapo waliowahi kuyaona matundu hayo kabla yake. Tofauti ni kwamba Gonin aliamini tundu ndilo chanzo cha ugonjwa, na kwamba kutoa maji bila kuziba tundu ni kazi bure.

Kulipata ndiyo ilikuwa shughuli. Alikaa na mgonjwa muda mrefu akichungulia ndani ya jicho kwa kioo maalumu, akichora mishipa ya damu na mahali tundu lilipo. Kisha alipima na kuweka alama juu ya weupe wa jicho, mahali panapolingana na tundu lile. Akishakata kidogo hapo, alichomeka ncha ya chuma iliyowashwa moto kwa sekunde chache tu. Maji yalitoka, na lile kovu la moto liliishikiza retina ukutani. Akikosea vipimo kwa milimita chache, operesheni yote imeharibika.

Alianza kutangaza mafanikio yake mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maprofesa wakubwa hawakumsadiki. Wengine walichoma jicho bila kutafuta tundu kwanza, wakashindwa, wakasema njia haifai. Kwa maoni yangu hapo ndipo uvumilivu wake unapoonekana: hakugombana sana, aliendelea kupasua na kuandika matokeo, mabaya yakiwemo. Wageni wakaanza kwenda Lausanne kujionea. Katika mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho uliofanyika Amsterdam mwaka 1929, wageni hao walisimama na matokeo yao wenyewe, na ubishi ukaisha. Kwa waliowahi mapema, nusu hivi au zaidi walikuwa wanapona.

Leo chuma cha moto kimeachwa. Kuna leza, kugandisha kwa baridi, mkanda wa kubana jicho kwa nje na gesi inayowekwa ndani. Lakini daktari bado huanza kwa kutafuta tundu, na saa bado zinahesabika. Ukiona dalili nilizotaja, nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo, hasa kama unavaa miwani mikali ya kuonea mbali, umewahi kuumia jicho au umefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho.

Wazazi, mtoto hasemi kwamba ameona pazia. Akipigwa jichoni na mpira, jiwe au fimbo, apimwe kwa dawa ya kupanua mboni hata akidai anaona vizuri. Jicho likiwa jekundu, linauma na linaogopa mwanga, pamoja na vidoa, huenda ni uvimbe wa ndani ya jicho. Huo nao ni wa hospitali. Usinunue matone dukani kwa kukisia.

Gonin alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu kubanduka kwa retina mwaka 1934, akafariki mwaka uliofuata. Nafasi yake Lausanne ilichukuliwa na mwanafunzi wake, Marc Amsler. Huyu ndiye aliyetengeneza kile kichati cha miraba chenye nukta katikati, ambacho huenda ulishapewa kliniki ukaulizwa kama mistari imepinda.