Kivuitu: Msimamizi wa kura aliyeinuliwa na kuangushwa na hesabu

SAMUEL Mutua Kivuitu alifariki dunia jijini Nairobi mnamo Februari 25, 2013, siku saba kabla ya Wakenya kushiriki uchaguzi wao wa kwanza chini ya Katiba mpya. Wapigakura walikuwa wamesajiliwa upya kwa mitambo ya kunasa alama za vidole. Tume iliyosimamia shughuli hiyo ilikuwa mpya, na sheria nyingi za uchaguzi zilikuwa zimeandikwa upya. Mageuzi hayo yalikuwa na chimbuko moja: uchaguzi wa mwaka wa 2007, ambao yeye mwenyewe aliusimamia.

Wengi humkumbuka kwa jioni moja tu, ile ya Desemba 30, 2007, alipotangaza matokeo ya urais na nchi ikawaka moto. Kumbukumbu hiyo si ya uongo, lakini haijakamilika. Maisha ya Kivuitu yalipita katika kila hatua ya safari ya kura nchini Kenya, na anayetaka kujua uchaguzi hutayarishwa vipi, au huharibikia wapi, hana budi kuyatazama yote.

Kivuitu, Mkamba kwa kabila, alizaliwa mwaka wa 1939, wakati Mwafrika hakuwa na kura kabisa katika Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulifanyika Machi 1957. Haki ya kupiga kura wakati huo ilipimwa kwa elimu, mali, umri na utumishi, na mtu mmoja aliyetimiza masharti kadhaa angeweza kupewa hadi kura tatu. Ukambani, eneo lililojumuisha Kitui na Machakos, lilimtuma James Nzau Muimi kuwa mmoja wa wajumbe wanane wa kwanza waliochaguliwa na Waafrika. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya Machakos, na mkulima wa huko asiye na shule wala mifugo ya kutosha alibaki nje ya orodha. Haki ya kila mtu mzima kuwa na kura moja ilipatikana katika uchaguzi wa Mei 1963.

Kijana Kivuitu alisomea sheria Dar es Salaam, katika kizazi cha wanasheria wa kwanza waliofunzwa Afrika Mashariki yenyewe. Aliporejea nyumbani aliingia katika uanasheria na baadaye siasa. Mwaka wa 1969 alichaguliwa kuwa mbunge wa Parklands, Nairobi, akahudumu hadi 1974, kisha akarudi Bungeni kwa muhula mwingine kati ya 1983 na 1988.

Miaka hiyo yote Kenya ilikuwa, kwa vitendo na baadaye kwa sheria, nchi ya chama kimoja. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969, na tangu hapo aliyetaka kiti alilazimika kupitia Kanu. Muhula wa pili wa Kivuitu ulikoma mwaka wa 1988, ule wa mlolongo. Katika mchujo wa Kanu mwaka huo, wapigakura walipanga foleni nyuma ya picha au wakala wa mgombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa amepita bila kupingwa. Katika maeneo kadhaa, foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Mlolongo ukishatawanyika, hakuna karatasi ya kurudia kuhesabu. Somo hilo lilijulikana kwa kila mwanasiasa wa enzi hizo.

MFUMO MPYA, TUME CHANGA

Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa, na vyama vingi vikaruhusiwa. Mwaka uliofuata Kivuitu aliteuliwa kuwa kamishna wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya (ECK), iliyoongozwa na Jaji Zacchaeus Chesoni. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kusajili wapigakura upya, na majina milioni 7.9 hivi yaliandikwa.

Upinzani uliishuku tume hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa makamishna wote waliteuliwa na Rais Daniel arap Moi, aliyekuwa mgombea. Lililowaumiza wananchi moja kwa moja, hata hivyo, lilikuwa jambo la kawaida zaidi: kitambulisho. Bila kitambulisho cha taifa mtu hakuweza kujiandikisha, na vijana wengi waliotimiza umri hawakuwa nacho. Walikosa kura hata kabla ya siku ya kura kufika.

Shida hii ilikuwa nzito zaidi katika nchi kame. Huko Mutomo, Kyuso au sehemu za Kibwezi, ofisi ya serikali ilikuwa mwendo mrefu, na safari ya kufuata kitambulisho, kisha kadi ya mpigakura, ilikuwa na gharama ya nauli na siku za kazi. Siku ya kura nayo ilikuwa ikiangukia Desemba, katika msimu wa mvua za vuli ambazo ndizo tegemeo kubwa la mkulima wa Ukambani. Mtu aliyeacha shamba lake kwenda kupanga foleni shuleni, kadi na kitambulisho mkononi, alikuwa ameigharamia kura yake.

Na wakazi wa huko waliitumia kura hiyo kwa namna iliyoshangaza nchi. Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992, wanawake sita pekee walichaguliwa kuingia Bungeni kote nchini. Watatu kati yao walitoka Kitui na Makueni, wilaya ambayo ilikuwa imeundwa mwaka huohuo: Charity Ngilu wa Kitui ya Kati, Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi na Agnes Ndetei wa Kibwezi.

Mwaka wa 1997, baada ya maandamano na umwagikaji wa damu, wabunge wa Kanu na wa upinzani walikubaliana kuhusu mageuzi madogo yaliyojulikana kama IPPG. Makamishna kumi waliopendekezwa na upinzani waliongezwa kwenye tume. Desemba mwaka huo Chesoni aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu, na Kivuitu akakabidhiwa uenyekiti zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya kura. Mvua za El Nino zilikata barabara, karatasi za kura zikachelewa au kupelekwa kusikohusika, na upigaji kura ukaongezewa muda. Miongoni mwa wagombea urais alikuwemo Bi Ngilu wa Kitui. Miaka kumi baadaye, Bw Kalonzo Musyoka wa Mwingi naye angewania. Kivuitu alisimamia chaguzi zote mbili zilizowahusisha wagombea wa jamii yake, na mara zote mbili akatangaza kushindwa kwao.

KILELE CHA SIFA

Uchaguzi uliomjengea Kivuitu jina ni ule wa Desemba 27, 2002. Wapigakura waliosajiliwa walikuwa takriban milioni 10.4. Badiliko kubwa lilikuwa kwamba kura zilihesabiwa katika kituo zilikopigwa, mbele ya mawakala wa vyama, badala ya masanduku kusafirishwa usiku hadi makao ya eneobunge. Bw Mwai Kibaki wa Narc alimshinda Bw Uhuru Kenyatta wa Kanu kwa karibu kura milioni 1.8. Bw Kenyatta alikubali kushindwa, na Rais Moi akaondoka madarakani kwa amani baada ya miaka 24.

Novemba 2005 tume hiyo iliendesha kura ya maamuzi kuhusu rasimu ya Katiba. Ilichagua alama mbili ambazo hata asiyejua kusoma angezitambua: ndizi kwa wanaounga mkono, chungwa kwa wanaopinga. Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58. Serikali ilishindwa katika kura iliyoitisha yenyewe, na ikakubali.

Kufikia hapo, Kivuitu alikuwa mmoja wa watumishi wa umma walioaminiwa zaidi. Alizungumza na wanahabari kwa uwazi na ucheshi, na hakusita kuwakemea wakubwa. Muda wake ulipokaribia kumalizika mwishoni mwa 2007, upinzani, mashirika ya kijamii na mabalozi walimshinikiza Rais Kibaki amwongezee muhula, naye akafanya hivyo. Lakini muafaka wa IPPG haukuheshimiwa mwaka huo: Rais aliteua makamishna wapya bila kuushauri upinzani, na wengi wa waliokaa mezani na Kivuitu wakawa wageni katika kazi hiyo. Imani ya taifa ikawa imetundikwa kwenye shingo ya mtu mmoja.

SIKU TATU ZA DESEMBA

Dalili ya kwanza ilijitokeza asubuhi ya Desemba 27, 2007. Bw Raila Odinga, mgombea wa ODM, alifika kituoni Kibera na jina lake likakosekana katika sajili iliyochapishwa. Kivuitu alilazimika kuingilia kati. Wapigakura waliokosa majina waliruhusiwa kutafutwa katika kitabu cheusi, daftari la awali la mkono lililotumiwa wakati wa kuandikisha. Ikiwa jina la mgombea urais lingeweza kupotea, la mkulima wa Tseikuru lingekuwa na mtetezi gani?

Siku zilizofuata nchi iliketi mbele ya televisheni ikitazama ukumbi wa KICC. Matokeo ya baadhi ya maeneobunge yalichelewa, na Kivuitu akalalamika hadharani kwamba baadhi ya wasimamizi wake wamezima simu. Takwimu zilizotangazwa Nairobi zilipingwa na waliodai kuwa hazikulingana na zilizosomwa mashinani. Fomu 16A ikawa kiini cha mzozo: ziko wapi fomu halisi, na nani ametia saini?

Jioni ya Desemba 30, vurugu zilipotanda ukumbini, Kivuitu aliondolewa na kusoma matokeo katika chumba cha faragha mbele ya kamera za KBC. Alimpa Bw Kibaki kura 4,584,721 na Bw Odinga 4,352,993. Bw Musyoka alikuwa wa tatu kwa kura 879,903, nyingi zikiwa za Ukambani. Muda mfupi baadaye Rais aliapishwa Ikulu, giza likianza kuingia. Mnamo Januari 2, 2008, Kivuitu aliwaambia wanahabari kwamba alikuwa ameshinikizwa kutangaza, na kwamba hakujua iwapo kweli Kibaki alishinda.

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao kabla ya Kofi Annan kuwapatanisha mahasimu Februari 28, 2008. Kuna wanaosema Kivuitu angejiuzulu badala ya kusoma takwimu asizoziamini. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna sifa ya mwaka wa 2002 inayoweza kuifuta.

Hata hivyo, tume ya uchunguzi ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliyotoa ripoti Septemba 2008, iliangalia nyuma ya mtu huyo. Iligundua kuwa kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba haikuwezekana kusema nani alishinda. Katika sajili ya watu milioni 14.3, majina takriban milioni 1.2 yalikadiriwa kuwa ya marehemu, huku karibu thuluthi moja ya waliostahili kuandikwa, hasa wanawake na vijana, hawamo. Hesabu za jumla zilijaa makosa. Kasoro za namna hiyo hazikuzaliwa 2007. Mwaka wa 2002 zilifunikwa na pengo kubwa la kura. Pengo lilipopungua hadi kura 231,728, hazikuwa na pa kujificha.

Desemba 2008 Bunge liliivunja ECK. Mwaka wa 2010 wapigakura zaidi ya milioni 12 walisajiliwa upya, wakapitisha Katiba iliyozaa kaunti 47, zikiwemo Kitui yenye maeneobunge manane na Makueni yenye sita. Kivuitu aliishi kimya miaka yake ya mwisho, akiugua.

Mengine yalikuja baada yake. Mwaka wa 2017 mahakama iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge hayawezi kubadilishwa Nairobi, na Septemba 1 mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Mwaka wa 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 zilianikwa mtandaoni ili kila raia ajijumlishie.

Sheria hizo ni majibu ya swali ambalo Kivuitu hakuweza kulijibu akiwa KICC. Uadilifu wa mwenyekiti, hata ukiwa mkubwa namna gani, hauwezi kuziba nafasi ya sajili safi na fomu iliyotiwa saini. Kijana wa Kitui au Makueni anayepanga foleni ya kitambulisho leo hahitaji kumjua mwenyekiti wa tume wala kumwamini kwa uso wake. Anachodai ni kwamba jina lake lisipotee kati ya kijiji na Nairobi, na kwamba idadi iliyosomwa mlangoni mwa kituo chake iwe ileile itakayosomwa mbele ya taifa.